Tarakilishi Inapojifunza Lugha ya Jirani: Uigaji katika Amiga na Funzo Lake kwa Wanakiswahili

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu wangu mmoja, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, aliniomba nimsaidie kupanga ofisi yake. Chini ya rundo la karatasi za mitihani tulikuta kasha la disketi kumi na mbili zilizofungwa kwa mpira, na juu yake pameandikwa kwa kalamu: “Ngano na vitendawili, 1991–1993.” Alizikusanya ngano hizo kijiji kwa kijiji, kutoka kwa wazee ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, akazipiga chapa katika tarakilishi ambayo baadaye iliuzwa kama chuma chakavu. Tukaazima kiendeshi cha disketi, tukajaribu. Disketi tisa zilikubali kusomwa. Lakini faili ya kwanza ilipofunguka, tuliona haya: “Hapï zamané zá kalå.”

Mwalimu alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Kila neno la kila ngano lilikuwa limeharibika irabu yake ya mwisho. Kwingineko palikuwa na alama zisizo na kichwa wala miguu. Ngano zilikuwamo ndani ya disketi. Asiyekuwapo ni msomaji aliyeijua hati yake.

Makala haya yananuia kueleza sanaa moja ya tarakilishi iwezayo kumrejesha msomaji huyo, yaani sanaa ya kuifanya tarakilishi moja itende kazi kana kwamba ni nyingine. Ili tuielewe vizuri, tutaitazama katika mashine moja ya zamani ambamo ilijaribiwa kwa takriban kila njia: tarakilishi ya nyumbani iliyoitwa Amiga. Dai letu ni moja. Kazi hii ni tafsiri kwa maana kamili ya neno hilo, na gharama yake, kama ya tafsiri yoyote, hutegemea umbali uliopo baina ya lugha mbili. Baada ya kulithibitisha dai hilo tutarudi kwenye kasha la mwalimu.

Kuiga, kuigiza na istilahi tutakazotumia

Kabla ya kuzama katika mada, yafaa tuelewane kuhusu istilahi. Kitenzi cha msingi ni iga. Kwa kukinyambua tunapata igiza, na kutokana na igiza tunapata maigizo, mwigizaji na uigizaji. Mwigizaji anayechomwa kisu jukwaani hafi. Pazia likishuka atainuka na kwenda kwao. Zipo programu za tarakilishi za namna hiyo. Ile inayomfundisha rubani kuendesha ndege, mathalan, huonyesha mawingu na uwanja wa ndege, ilhali hakuna abiria anayefika popote. Huo tuuite uigizaji.

Programu tunazozungumzia hapa huenda hatua moja mbele. Hazionyeshi tu sura ya mashine nyingine, bali hutenda kazi yake. Hesabu inayofanywa humo ni hesabu sahihi, na barua inayopigwa chapa humo ni barua inayoweza kutumwa. Wanatarakilishi wengi huziita emuleta. Sisi tutaziita viigaji, kwa kutumia kiambishi ki- cha ala kama kilivyo katika kikokotoo na kichapishi, na kazi yenyewe tutaiita uigaji. Tarakilishi halisi iliyopo mezani tutaiita mwenyeji. Ile inayoigwa ndani yake tutaiita mgeni.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko tarakilishi za nyumbani. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alionyesha kinadharia kwamba mashine moja, ikipewa maelezo kamili ya mashine nyingine, yaweza kutenda kila litendwalo na hiyo nyingine. Katika miaka ya 1960 nadharia hiyo iliingia sokoni. Kampuni ya IBM ilitangaza ukoo mpya wa tarakilishi, System/360, mwaka 1964. Wateja wake walikuwa na programu nyingi zilizoandikiwa mashine za awali kama vile 1401, wala hawakuwa tayari kuzitupa. IBM ikazipa baadhi ya mashine mpya uwezo wa kuziiga zile za zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahandisi wale waliupa usemi huu umbo la chuma na nyaya.

Amiga na majirani zake

Amiga ilizinduliwa na kampuni ya Commodore jijini New York tarehe 23 Julai 1985. Siku hiyo mchoraji mashuhuri Andy Warhol alipanda jukwaani, akaitumia kuichora sura ya mwimbaji Debbie Harry mbele ya hadhira. Aliyeongoza usanifu wa mashine hiyo ni Jay Miner. Ndani yake mlikuwa na kichakataji cha Motorola kiitwacho 68000, kilichokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 7, pamoja na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Fauka ya hayo, ilikuwa na chipu tatu maalumu zilizopewa majina kama ya watu: Agnus, Denise na Paula. Hizo zilishughulikia picha, sauti na mwendo wa data ili kichakataji kisilemewe. Mfumo wake endeshi uliweza kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo lilikuwa adimu katika mashine za nyumbani. Mwaka 1987 ilitoka Amiga 500, ya bei nafuu, ambayo ilienea sana Ulaya, hususan Uingereza na Ujerumani.

Hata hivyo, mashine hii ilizaliwa katika mtaa wenye wakubwa. Tarakilishi ya kibinafsi ya IBM ilikuwapo tangu 1981, na programu za ofisini zilikuwa zake. Macintosh ya kampuni ya Apple ilikuwapo tangu Januari 1984, nayo ilijitwalia kazi za uchapishaji. Zaidi ya hayo, Commodore yenyewe ilikuwa imeuza tangu 1982 mashine iliyopendwa mno, Commodore 64, ambayo michezo na programu zake zilijaa majumbani. Mwenye Amiga alijikuta na mashine hodari isiyoelewa lugha ya majirani wala ya dada yake mkubwa. Basi waandishi wa programu wakaanza kuifundisha lugha hizo, moja baada ya nyingine.

Lugha za ukoo mmoja: Amiga inapojifanya Macintosh

Kila kichakataji kina lugha yake. Lugha hiyo ni orodha ya amri: chukua namba kutoka mahali fulani, ijumlishe na nyingine, weka jawabu pale, na kama jawabu ni sifuri ruka hadi amri ile. Amri zenyewe ni namba tu, na namba inayomaanisha “jumlisha” kwa kichakataji kimoja yaweza kumaanisha “simama” kwa kingine.

Sasa, Macintosh na Amiga zilikuwa na bahati moja. Zote mbili zilijengwa juu ya kichakataji kilekile, 68000. Amri iliyoeleweka na moja ilieleweka na nyingine neno kwa neno. Tofauti yao ilifanana na tofauti ya mji na mji. Mtu wa Lamu akishuka Unguja hahitaji mkalimani; anahitaji tu kuonyeshwa soko liko wapi, maji huchotwa wapi na mlango wa nyumba hufungwaje. Kadhalika programu ya Macintosh iliyowekwa ndani ya Amiga iliweza kwenda moja kwa moja juu ya kichakataji mpaka ilipotaka kugusa kiwambo, kibodi, kipanya au disketi. Hapo ndipo ilipopotea, kwa kuwa Amiga ilivipanga vitu hivyo kwa namna yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya ReadySoft iliuza kiigaji kilichoitwa A-Max. Kilikuja na kisanduku kidogo cha kuchomekwa mahali pa kiendeshi cha disketi, na ndani ya kisanduku palikuwa na nafasi za chipu za kumbukumbu ya kudumu ya Macintosh. Chipu hizo mnunuzi alizitafuta mwenyewe, kwa sababu zilikuwa mali ya Apple na ndizo zilizobeba maktaba ya amri za kuchora madirisha, menyu na herufi. Pasipo chipu hizo mgeni hakuwa na kumbukumbu ya kwao. A-Max ilipoanza kazi, Amiga ilijisahau kabisa. Mashine yote ilikuwa mikononi mwa mgeni.

Hatua kubwa ilipigwa katika miaka ya 1990 na Mjerumani Christian Bauer, aliyeandika kiigaji kiitwacho ShapeShifter. Hiki hakikuhitaji kisanduku. Kilisoma nakala ya kumbukumbu ya kudumu ya Macintosh kutoka katika faili, kikaweka viraka pale tu ambapo maktaba hiyo ilitaka kugusa maunzi, na kila kiraka kikapeleka ombi kwa mfumo wa Amiga. Macintosh ikawa programu mojawapo miongoni mwa programu nyingine; mtumiaji aliweza kuandika barua upande mmoja huku Amiga ikiendelea na shughuli zake upande wa pili.

Yamkini msomaji atadhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. La hasha. Wageni wa ukoo mmoja hugombania kitanda kimoja. Mfumo wa Macintosh huweka mambo yake muhimu mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, na Amiga nayo, katika anwani namba 4, huweka kielekezi cha kiini cha mfumo wake wote. Ilibidi sehemu hiyo ya kumbukumbu itengwe mapema tarakilishi inapowashwa, kabla ya yeyote kulala hapo. Disketi nazo zilileta ubishi. Kiendeshi cha Macintosh hubadilisha kasi ya mzunguko kadiri kinavyosoma sehemu mbalimbali za disketi, ilhali cha Amiga huzunguka kwa kasi isiyobadilika. Kwa hivyo kisanduku cha A-Max kiliruhusu kiendeshi cha Macintosh chenyewe kuunganishwa.

Pamoja na matatizo hayo, matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Amiga 4000 ya mwaka 1992 iliweza kupatikana na kichakataji 68040 cha megahezi 25, sawasawa na kile kilichokuwa ndani ya Macintosh Quadra 700 ya mwaka 1991. Mgeni alijikuta akitembea kwa mwendo unaokaribia sana mwendo wa kwao.

Lugha ngeni: Amiga inapojifanya tarakilishi ya IBM

Hali ilikuwa tofauti kabisa kwa tarakilishi za IBM, ambazo zilitumia vichakataji vya Intel, kwanza 8088. Hapa hapakuwa na undugu. Orodha ya amri ilikuwa nyingine, idadi ya visanduku vya kuwekea namba ndani ya kichakataji ilikuwa nyingine, hata mpangilio wa namba katika kumbukumbu ulikuwa kinyume.

Tuchukue mfano. Namba 1728, mwaka unaotajwa sana kuhusiana na Utendi wa Tambuka, haitoshi katika baiti moja, hivyo huandikwa kwa baiti mbili: 6 na 192, kwa maana 6 mara 256 jumlisha 192 ni 1728. Motorola huandika 6 kwanza, kisha 192. Intel huandika 192 kwanza, kisha 6. Motorola akisoma kazi ya Intel bila kuigeuza atapata 49158. Mwanakiswahili ataielewa ajali hii mara moja. Ni sawa na mtu aliyezoea hati ya Kilatini kupewa utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, naye akaanza kuusoma kutoka kushoto. Herufi zote ziko mahali pake, ila maana imekimbia.

Kiigaji cha mashine ya Intel, basi, kililazimika kuwa mkalimani wa kila neno. Kilichukua amri moja ya mgeni, kikaitambua, kikatafuta mahali pa kushughulikia amri ya aina hiyo, kikageuza mpangilio wa namba palipohitajika, kikatenda, kikaandika kumbukumbu kama jawabu lilikuwa sifuri au hasi, kisha kikachukua amri iliyofuata. Amri moja ya mgeni iliweza kugharimu amri kumi au zaidi za mwenyeji. Katika siku za mwanzo za Amiga palikuwa na kiigaji cha namna hiyo kilichoitwa Transformer. Kiliweza kuendesha programu za ofisini, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Baadaye PC-Task, kilichoandikwa na Chris Hames, kiliboresha mambo, hasa katika Amiga zenye vichakataji vyenye nguvu zaidi. Kwa Amiga ya kawaida, hata hivyo, ilibaki methali ile ya mwiga tembo, ambayo adabu ya jarida inanizuia kuikamilisha.

Commodore yenyewe ilitafuta njia ya mkato. Badala ya kumfunza mwenyeji lugha ngeni, ilimleta mzawa wa lugha hiyo nyumbani. Kifaa kiitwacho Sidecar, na baadaye kadi A2088 iliyochomekwa ndani ya Amiga 2000, vilibeba kichakataji 8088 halisi. Amiga ikampa kiwambo na kibodi, naye akafanya kazi kwa lugha yake. Kasi ilikuwa ya kweli, ila gharama nayo ilikuwa ya kweli, kwani mnunuzi alinunua takriban tarakilishi ya pili. Huu, kwa hakika, si uigaji tena.

Njia ya tatu ilikomaa kadiri vichakataji vilivyopata nguvu na kumbukumbu ilivyopanuka. Wanafunzi wa tafsiri hufundishwa tofauti baina ya mkalimani na mfasiri. Mkalimani hufasiri papo kwa papo, na msemaji akirudia sentensi ileile mara mia, mkalimani naye hufasiri mara mia. Mfasiri hukaa na matini, akaiandika upya katika lugha lengwa, na kuanzia hapo msomaji husoma tafsiri pasipo kumsumbua. Viigaji vya kisasa hufanya hivyo. Vikikuta kifungu cha amri kinachorudiwarudiwa, hukifasiri chote mara moja kwa lugha ya mwenyeji, hukihifadhi, na mara nyingine hutumia tafsiri iliyokwisha kuandikwa. Kasi huongezeka maradufu na zaidi. Gharama yake ni kumbukumbu, na hadhari: mgeni akibadilisha maneno yake mwenyewe, tafsiri ya zamani sharti ifutwe.

Nathari na shairi

Amiga ilijaribiwa pia kuiga Commodore 64. Mtu angedhani jambo hili ni rahisi kuliko yote. Mgeni alikwenda kwa kasi ya takriban megahezi 1 tu, akiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, ilhali mwenyeji alikuwa na kasi mara saba. Walakini hesabu ya amri kumi kwa moja tuliyoitaja inatosha kuonyesha kwamba mara saba hazikufua dafu.

Kulikuwa na ugumu mwingine, na huu utawavutia wapenzi wa ushairi. Waandishi wa michezo ya Commodore 64 waliijua mashine yao kwa undani kiasi kwamba walihesabu mapigo ya saa yake. Walisubiri mpaka mwale unaochora picha ufike kwenye mstari fulani wa kiwambo, wakabadilisha rangi papo hapo, na kwa njia hiyo wakapata picha ambazo mashine ilidhaniwa haiwezi. Programu kama hiyo ni shairi la arudhi. Maana yake haimo katika maneno pekee. Imo pia katika mizani. Mkalimani anayeleta kila neno kwa usahihi, lakini kwa kuchelewa kidogo hapa na kuwahi kidogo pale, huliua shairi hilo: picha huyumba, rangi hukosa mahali pake, muziki hukwama.

Christian Bauer tuliyemtaja aliandika pia kiigaji cha Commodore 64, Frodo, ambacho kilihangaika na suala hilohilo la mizani, na ambacho kilizihitaji Amiga zenye nguvu kubwa. Kinyume chake, programu ya kupiga chapa barua au kutunza orodha ya majina ni nathari. Haijali ikiwa amri imechelewa kidogo. Kiigaji cha wastani huiendesha vyema. Tofauti hii tuikumbuke, maana itatufaa tukirudi kwa mwalimu.

Mwiga naye huigwa

Commodore ilifilisika Aprili 1994. Amiga, iliyokuwa imejifunza lugha za majirani zake wote, sasa yenyewe ikawa lugha inayofifia. Mwaka 1995 Mjerumani Bernd Schmidt alianza kuandika kiigaji cha Amiga kiitwacho UAE. Herufi hizo awali zilisimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya “kiigaji cha Amiga kisichotumika,” kwa kuwa toleo la kwanza halikuweza hata kuiwasha Amiga. Wengi waliamini chipu za Agnus, Denise na Paula zilikuwa tata mno kuigwa. Kadiri miaka ilivyopita kiigaji kiliimarika, hasa katika toleo lake la Windows, WinUAE, hata leo tarakilishi ya kawaida huiga Amiga pamoja na mizani yake. Mtu aweza kuiendesha ShapeShifter ndani ya Amiga hiyo ya kuigwa, na ndani ya ShapeShifter akaiendesha Macintosh: tafsiri ndani ya tafsiri, na bado mgeni wa ndani kabisa huenda kwa kasi kuliko alivyokwenda akiwa hai.

Je, yote haya ni michezo ya watu wenye nafasi? Kisa cha Warhol kinatoa jibu. Mwaka 2014 jumba la makumbusho linalobeba jina la msanii huyo mjini Pittsburgh, Marekani, lilitangaza kwamba picha alizozichora kwa Amiga mwaka 1985 zilikuwa zimeokolewa kutoka katika disketi zilizokuwa kwenye hifadhi yake. Miongoni mwazo ni mkebe wa supu, Venus na sura yake mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaada wa wanachama wa chama cha tarakilishi cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Walizinakili disketi kwa uangalifu, kisha wakakabiliwa na kikwazo cha pili: faili zilikuwa katika muundo ambao programu za leo haziufahamu, na ilibidi wauchunguze hadi wauelewe. Disketi ilikuwa salama, na picha ilikuwamo. Iliyokuwa imepotea ni lugha.

Funzo kwa Wanakiswahili

Hati za tenzi za kale zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya SOAS, London, husomeka kwa macho na yeyote aijuaye hati ya Kiarabu na lahaja husika. Karatasi haikuhitaji mashine. Kazi zilizopigwa chapa katika miaka ya 1980 na 1990 hazina bahati hiyo. Katika kabati za idara zetu, na chini ya vitanda vya waandishi wetu, mna tasnifu, misamiati, hadithi na tamthilia ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Disketi hufa kwa ukungu na vumbi, lakini kabla ya disketi kufa, hufa mashine. Na kabla ya mashine, hufa programu.

Turudi kwa mwalimu. “Hapï zamané zá kalå” lilikuwa fumbo lenye mantiki. Matoleo ya zamani ya programu ya WordStar yalikuwa na desturi ya kuiongezea namba 128 herufi ya mwisho ya neno, ili programu ijue mahali neno linapoishia inaponyoosha kingo za mistari. Programu za leo hazijui desturi hiyo, hivyo a ikageuka á, i ikawa é, o ikawa ï. Kiingereza hupata ajali hii kwenye konsonanti na irabu kwa kuchanganyika. Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake huishia kwa irabu, kilipigwa mahali pamoja kila mara.

Disketi ya kwanza katika kasha lile haikuwa na ngano hata moja. Ilikuwa na WordStar yenyewe. Mwalimu hakuwa mtaalamu wa tarakilishi. Alikuwa tu mtu asiyetupa kitu. Tukaiweka ndani ya DOSBox, kiigaji cha tarakilishi za zamani zenye mfumo wa DOS ambacho kimekuwa kikitolewa bure tangu 2002. Kiwambo kikawa cheusi, menyu ya zamani ikatokea, na ngano ya kwanza ikafunguka na irabu zake zote. Alama zile zisizo na kichwa wala miguu zilikuwa maagizo ya kupigia mistari na kukoleza herufi. Mwalimu alikuwa amepigia mstari kila neno la lahaja ambalo wazee walilitumia tofauti na Kiswahili sanifu. Lau tungezirekebisha irabu kwa mkono na kufuta alama zile kama takataka, tungeufuta utafiti wake.

Kutokana na kisa hiki na historia ya Amiga, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, disketi inakiliwe nzima, yaani nakala ya kila baiti iliyomo, kabla ya kufungua faili yoyote; viendeshi vya kawaida vya leo vikishindwa, kama vishindwavyo na disketi za Amiga, vipo vifaa maalumu vya kazi hiyo. Pili, programu iliyoandikia faili ihifadhiwe pamoja nayo. Tatu, iandikwe kwenye karatasi, kwa lugha ya kawaida, mashine iliyotumika, programu na toleo lake, jina la mkusanyaji na mahali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, faili ikishafunguka, matini yake ihamishiwe katika muundo sahili usiotegemea programu moja, ila ile ya asili isifutwe.

Sheria nayo isisahaulike. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za kiuandishi, pamoja na riwaya na mashairi. Ndiyo sababu wanunuzi wa A-Max walitafuta chipu halali, na ndiyo sababu kampuni ya Cloanto imekuwa ikiuza, tangu 1997, kifurushi cha Amiga Forever chenye kumbukumbu ya kudumu ya Amiga iliyotolewa kwa leseni. Anayeokoa kazi ya mwandishi mmoja asiibe ya mwingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba kiigaji ni mfasiri. Lugha zikiwa za ukoo mmoja, kama Amiga na Macintosh, kazi yake ni kumwonyesha mgeni mitaa. Zikiwa za mbali, kama Motorola na Intel, hulipa kila neno kwa jasho. Na matini ikiwa shairi, hudaiwa mizani juu ya maana. Wanaotarakilishi wameyagundua haya kwa njia yao; sisi tumekuwa tukiyafundisha madarasani kwa jina la nadharia ya tafsiri. Hakuna sababu ya msomi wa Kiswahili kujiona mgeni katika uwanja huu.

Kati ya disketi kumi na mbili za mwalimu, tatu hazikusomeka hata kidogo, na wazee waliozisimulia ngano hizo hawapo wa kuulizwa tena. Nane za ngano zimeokolewa. Naomba kila msomaji wa jarida hili, atakapomaliza ukurasa huu, aulize katika idara yake ni nani ana kasha kama lile, na ikiwa disketi ya programu bado imo.